Shangazi, nimestaafu na simu yangu imenyamaza

"Shangazi shikamoo. Mimi ni muuguzi, nilikuwa matron hapa Morogoro, nimefanya kazi miaka 35 na mwezi wa pili nilitimiza 60 nikastaafu. Baba watoto alishafariki, watoto watatu wana maisha yao. Nilidhani ntapumzika, kumbe. Naamka saa 11 alfajiri, naoga, navaa, nabandika na ile saa yangu ya kifuani, afu nakaa kwenye kochi. Simu iliyokuwa inaita mpaka usiku wa manane sasa inaita wanangu wakitaka hela tu, mkubwa anataka mafao yangu anunue gari la biashara. Najiona nimekwisha. Najikaza lakini nimechoka kujikaza. Nifanyeje? Mama wa Moro."

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma mara mbili, na hiyo saa ya kifuani imenikwama hapa kooni. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu, nilivyostaafu kengele ya shule ya jirani ikigonga nasimama, wageni wako sebuleni wananishangaa, nasingizia naenda kuangalia maharage jikoni, na maharage yenyewe hayapo. Ilinichukua karibu mwaka mzima kubaki nimekaa. Kwahiyo hujarukwa na akili.

Ni kwamba umefiwa. Kazi ya miaka 35 imekuondoka na hakuna aliyekuja kukaa na wewe hata kwa chupa moja ya chai, ndo kwanza walikata keki, wakakuvika vitenge, wakapiga picha, kesho yake kuna matron mwingine na wewe uko kwenye kochi. Msiba wa hivyo haujui arobaini, kwahiyo ukilia lia, usijisemeshe eti mtu mzima hovyo. Ila wewe ni muuguzi, unajua mwenyewe, kama wiki mbili zinapita kila siku moyo mzito, chakula hakipiti, usingizi hamna, hata kitu ulichokuwa unakipenda hukitaki tena, hiyo siyo huzuni ya kawaida, nenda kamwone daktari kama ambavyo ungemburuza mgonjwa wako.

Sasa hapo kwenye kujikaza ndo nataka nikae. Sisi wanawake tulioshika vyeo tumejifunza jambo moja tu, kubeba. Wodi umebeba wewe, wanafunzi wa uuguzi umewalea wewe, ada za watoto wewe, msiba wa ukoo mwenye daftari la michango ni wewe. Nakuuliza, lini mara ya mwisho mtu alikuletea uji ukaunywa mpaka mwisho bila kuinuka kumwoshea kikombe chake? Ndo maana simu ikinyamaza unajiona umekwisha, manake wote waliokuwa wanakupigia walikuwa wanataka kitu, na wewe ukahesabu hao ndo watu wako. Wengine walikuwa watu wa cheo chako. Inauma lakini ni kweli.

Watu wako wapo, uliwaacha njiani kwa ajili ya zamu. Yule uliyesoma naye chuo, jirani ambaye kila siku mnapungiana mikono tu getini, mwanakwaya mwenzio wa zamani. Chagua wawili, watatu, wapigie wewe, usisubiri, na ukipiga usiulize "kuna tatizo gani", sema nimekukumbuka twende sokoni Kingalu tukanunue mboga. Afu utajiunga kikoba, najua utajiunga, na ndani ya wiki tatu watakuona umenyooka wakuchague mweka hazina. KATAA. Mwaka wa kwanza wewe ni mwanachama, unakaa kwenye mkeka, unatoa hisa yako, unacheka umbea unarudi nyumbani. Ukishika daftari tu umerudi wodini.

Haya, mafao. Huo mkupuo siyo urithi, we bado hujafa. Mwanao nampenda ila gari la biashara la mtu ambaye hajawahi kuendesha biashara linaishia juu ya mawe limetolewa matairi. Mwambie hivi: baba, hii ndo miguu yangu ya uzeeni, nikikupa leo kesho utanibeba mgongoni, utaweza? Afu nyamaza, usieleze zaidi, ukianza kujieleza umeshapigwa. Na usikimbilie kuku! Kila mstaafu anaambiwa afuge kuku. Mimi nilianza na 300, nilishindwa kufuata ratiba ya chanjo nikajifanya najua, mdondo ukapita, siku ya nne nilibaki na jogoo mmoja ananitazama kama mimi ndo mchawi. Hela kaa nayo kwanza miezi sita bila mradi wowote. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali hela yako, unaanzia milioni moja na riba inaingia kila miezi sita, vipande vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, navyo vipo, nenda kaulize mwenyewe kwa miguu yako, usitume mtoto. Pensheni ya kila mwezi ndo ya ugali na umeme.

Mwili nao, najua unajua lakini unajua kwa ajili ya wengine. Hedhi ikishakoma mifupa inapungua nguvu haraka, ukianguka bafuni nyonga ndo inaondoka, umewauguza wangapi wa hivyo? Kwahiyo hiyo saa 11 usiikataze, itumie. Vaa raba utoke, Uluguru uko mbele yako unapata na hewa safi, dakika 30 siku tano inatosha kabisa, ndo zile 150 za wiki mlizokuwa mnatuhubiria kliniki. Ndoo ndogo ya maji beba mwenyewe, mikono na mapaja yanataka uzito. Ukipiga mswaki simama mguu mmoja, umeshika ukuta mwanzoni, utacheka lakini kuanguka kunazuiwa hapo hapo. Dagaa kula na mifupa yake.

Ile saa ya kifuani sikwambii uitupe. Itundike karibu na mlango, ukirudi kutembea uangalie umetumia dakika ngapi.

Na wiki hii nenda kapime presha na sukari. Usipitie mlango wa nyuma ukawasalimie vijana wako wakupime fasta huku mnapiga stori, hapana, chukua namba, kaa kwenye benchi na wagonjwa wenzio mpaka uitwe. Ukitoka niandikie ya sukari, na za presha namba zote mbili, ya juu na ya chini. Usiniambie "iko sawa tu Shangazi", manesi nawajua.