Urujuanimno ukidondoka ghafla, kwanza kagua kamera

Mwaka wa kwanza wa masters nilipewa NGC 5548, galaksi iliyo mbali nasi miaka ya nuru milioni 240 na ushee, katikati ina shimo jeusi linalokula gesi, nikaambiwa nishushe data za satelaiti ya Swift za 2014 nichore mwanga wake ulivyopanda na kushuka. Data ni za bure kabisa, shida yako ni bando tu.

Basi nikachora, eksirei juu, urujuanimno (ultraviolet, mwanga usioonekana kwa macho) katikati, mwanga wa kawaida chini. Kwenye urujuanimno nikaona vidoti kadhaa vimedondoka kama asilimia 10 hivi, halafu nusu siku baadaye mambo yamerudi juu kama hakuna kilichotokea. Mi nikajua nimeula, hili ni wingu la gesi limepita mbele ya kiini! Usiku uleule nikaandika kurasa nne nikamtumia supavaiza (leo nikizikumbuka naona aibu peke yangu).

Akajibu swali moja tu: siku hizo galaksi iliangukia wapi kwenye kamera?

Hata sikuwa nimewaza. Swift ikigeukia kitu hailengi palepale kila mara, na kamera yake ina madoa yasiyoona vizuri, hasa kwenye urujuanimno. Nikachukua nafasi ya galaksi kwenye kila picha nikaziweka zote kwenye mchoro mmoja, vidoti vilivyodondoka nikavipaka nyekundu. Vyekundu vikajikusanya makundi makundi, sehemu zilezile za kamera. Wingu langu lilikuwa doa la kamera bwana.

Kwa hiyo wewe unayeanza, chora huo mchoro kabla hujaandika hata sentensi. Siku hizi kuna faili la kalibresheni (la kurekebisha vipimo vya kamera) lenye madoa hayo, litumie, ila bado chora. Halafu linganisha filta, kama UVW2 imedondoka na UVM2 (zote mbili ni filta za urujuanimno) ya ziara ileile imetulia, shuku kamera.

Eksirei usizihukumu hivyohivyo, zile zinatoka karibu kabisa na shimo na zinarukaruka ndani ya saa chache, wakati urujuanimno unatoka kwenye sahani pana ya gesi inayolizunguka shimo, isiyo na haraka. Zikishuka, tenganisha laini (zenye nishati ndogo) na ngumu (zenye nishati kubwa). Laini zikififia sana na ngumu zikabaki, hapo kweli kuna gesi imeziba, na galaksi hiihii 2013 ilikutwa imezibwa hivyo.

Usafi wote huu ni kwa sababu tunatafuta kuchelewa: mwanga wa kawaida unafuata urujuanimno nyuma kama siku moja na theluthi, karibu mara tatu ya inavyodai nadharia ya sahani. Ukidai nadharia ina kasoro huku umeacha vidoti vya uongo kwenye data, nani atakusikiliza?

Zile kurasa nne kwenye tasnifu zimebaki mistari miwili, sehemu ya kusafisha data.