Roboti haiitiki barazani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama roboti zenye umbo la binadamu ziruhusiwe kushika uongozi, na kama jambo hilo linahitaji sheria ya kimataifa. Naona zisiruhusiwe, na sheria hiyo imeshachelewa.

Nilipokuwa kijana hapa Wete, Pemba, majirani wawili waligombea mkarafuu uliosimama mpakani mwa mashamba yao ya eka tatu, na sheha wetu, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, akampa mmoja wao. Miezi michache baadaye, mzee aliyeshuhudia mashamba yakipimwa alifukua majani akaonesha jiwe la mpaka, na ikabainika kuwa mti ulikuwa wa yule aliyenyimwa. Sheha alimwendea aliyenyimwa kwa miguu, akakaa naye barazani mbele ya watu wale wale waliosikia hukumu ya mwanzo, akasema, "Mwanangu, nilikudhulumu, niwie radhi." Mashine inaweza kusahihisha hesabu yake, lakini haioni haya, wala hakuna anayeweza kuigongea mlango usiku.

Julai 2023, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu akili mnemba uliofanyika Geneva, roboti Sophia, ambayo Saudi Arabia iliipa uraia mwaka 2017, iliwaambia waandishi wa habari kwamba roboti zinaweza kuongoza kwa ufanisi kuliko binadamu. Mtengenezaji wake alipoipinga papo hapo, ikageuza kauli, ikasema kwamba binadamu na mashine wakishirikiana ndipo mambo yatakapokwenda vizuri. Hapo ndipo hofu yangu ilipo: nyuma ya sura ile yupo mtu ambaye hakuchaguliwa na yeyote. Septemba 2025 Albania iliitangaza Diella, ambayo ni programu isiyo na mwili, kuwa waziri wa zabuni za umma ili kukomesha rushwa. Uchovu wa rushwa naufahamu, tena vizuri, ila aliyeipangia programu vigezo vyake ndiye mwenye kauli, na yeye hakai kitini.

Pendekezo la UNESCO la Novemba 2021 kuhusu maadili ya akili mnemba linataka dhamana ya maamuzi ibaki kwa binadamu, lakini ni pendekezo tu, halimfungi mtu. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba, iliyoanza kuwa na nguvu ya kisheria Agosti 2024, ina meno, ingawa ni kwa soko lao. Sisi tutakaonunua mashine hizi kutoka nje tunahitaji mkataba wa dunia nzima unaosema wazi kwamba kila uamuzi unaogusa ardhi, kifungo, kodi au kura ya mtu uwe na saini ya binadamu, raia wa nchi husika, anayeweza kuitwa, kuhojiwa na kuondolewa. Na kwamba kampuni iliyoiuzia serikali mashine isiweze kuibadilisha kwa mbali bila ridhaa ya serikali hiyo. Pasipo sharti hilo la pili, siku ambayo mashine itapewa mamlaka juu ya mipaka ya mashamba ya Pemba, aliyedhulumiwa hatakuwa na baraza la kwenda, kwa kuwa mwenye kuamua atakuwa ng'ambo ya bahari.