Nina siku mbili Chennai, nianzie hekalu gani?

SWALI: Shikamoo Bi. Mwezi ujao nampeleka mamangu Chennai, India, kwa matibabu ya goti. Ratiba ya daktari imetuachia siku mbili kabla ya kurudi Mombasa. Tangu utotoni napita mbele ya lile hekalu jeupe la Kihindu la Langoni bila kuingia, na safari hii natamani kuyaona mahekalu ya kale ya pwani ile. Mimi ni Muislamu, na mamangu hawezi mwendo mrefu. Tutaruhusiwa? Tuanzie wapi?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu, Mola amjaalie mama afya. Kwanza, lile la Langoni lenye marumaru ni la Wajaini. Wana dini yao, na hawapendi kuchanganywa na Wahindu.

Watu wengi watakwambia ukimbilie Mamallapuram, kwenye mahekalu maarufu ya mawe ya ufukweni. Utakwenda, lakini siku ya pili. Siku ya kwanza nenda Mylapore, humo humo mjini Chennai, kwenye hekalu la Kapaleeshwarar, ambako watu wanaabudu hadi leo. Mimi nilianza na mawe, nikayatazama kama mtu anayetazama nyumba isiyo na wenyewe. Jioni ya siku iliyofuata ndipo nilipoona pale Mylapore taa za mafuta, kengele, wanawake wenye asumini nywelani kama sisi siku ya harusi, nikatamani kurudi Mamallapuram nikatazame upya.

Usifike mchana. Nilifika saa saba nikakuta milango imefungwa. Hufungwa kama saa sita, hufunguliwa saa kumi jioni. Nilingoja kando ya bwawa la hekalu, lenye ngazi za mawe pande zote. Wenyeji husimulia kwamba ardhi ya bwawa hilo ilitolewa na Nawabu wa Arcot, mtawala Muislamu. Husimulia pia kwamba hekalu la kwanza lilikuwa karibu na bahari, Wareno wakalibomoa, na hili la sasa likajengwa baadaye. Mtu aliyekulia kivulini mwa Fort Jesus anawajua Wareno hao.

Mtaruhusiwa kuingia uani na kuutazama mnara wa lango, uliojaa sanamu za rangi kutoka chini hadi juu. Chumba cha ndani kabisa, anapokaa mungu wao, ni cha Wahindu pekee. Mkifika hapo simameni, wala msipige picha. Viatu huachwa nje. Mabega na miguu ifunikwe, kwa hiyo buibui la mama linatosha, na wewe vaa suruali ndefu. Kama moyo unasita kwa sababu ya dini, muulize sheikh wako kabla ya safari. Mimi niliingia kama mgeni, nikatoka kama mgeni, na hakuna aliyenilazimisha kushiriki lolote. Kuna mahekalu mengine ya kusini, kama Guruvayur kule Kerala, ambayo asiye Mhindu haingii kabisa. Msiende kubishana mlangoni.

Mamallapuram iko kusini mwa Chennai, kama kilomita 60, njia ya pwani. Pale mtaingia kwa tiketi kama tunavyoingia Gedi, na mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji. Hekalu la Ufukweni lilijengwa kwa granaiti na wafalme wa Pallava mwanzoni mwa karne ya 8. Lina vyumba viwili vya mungu wao Shiva, na katikati yake mungu wao mwingine, Vishnu, amelala, amechongwa kwenye mwamba wenyewe. Chumvi ya bahari imezila nyuso za sanamu nyingi. Wamepanda mivinje kuzuia upepo na mchanga, ile ile mivinje yetu ya ufukweni, na nilipoisikia ikivuma nilijiona niko Nyali.

Kisha mpeleke mama kwenye Ratha Tano, mahekalu matano ya mawe. Kila moja ni mwamba mmoja uliochongwa kuanzia juu kwenda chini, na ile ndogo ina paa kama la kibanda cha makuti. Wachongaji hawakuzimaliza, na ukitazama chini utaona mahali walipoachia. Kwenye ule mwamba mkubwa uliochongwa sanamu ubavuni, wenye tembo, mtafute paka aliyesimama kwa miguu miwili akijifanya mtawa, na panya wamemzunguka. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Sehemu hizi zimeachana kidogo, kwa hiyo kodisheni tuktuk iwasubiri. Goti la mama lisihesabu hatua. Ondokeni Chennai saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ikifika saa nne jua limeshakuwa kali, na mama atakuwa anataka chai na kivuli.