Tusimsingizie Epicurus

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, falsafa inaweza kumtetea mtu anayeishi kwa ajili ya raha za mwili?" Katika maelezo mliyoyaweka chini ya swali mmemtaja Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuwa ndiye baba wa wala bata wote. Nadhani falsafa inaweza kuitetea raha, tena kwa nguvu. Ila huyo mliyemtaja hawezi kuwa wakili wa ulafi, na aliyekaribia kazi hiyo shule yake iliishia pabaya.

Wengi wetu tulikutana na wafuasi wa Epicurus katika Matendo ya Mitume 17:18, pale Waepikureo na Wastoiko, watu wa shule nyingine ya falsafa, wanapokutana na Paulo mjini Athens, na tukaachiwa picha ya watu wa kula na kunywa tu. Epicurus alianza kufundisha kwenye bustani yake mjini humo yapata mwaka 306 KK, na akaendelea hadi alipofariki mwaka 270 KK. Ni kweli alisema raha ndiyo lengo la maisha. Lakini katika barua yake kwa Menoeceus alifafanua kwamba hazungumzii raha za walevi, wala za kitandani, wala samaki na mapochopocho ya meza za matajiri. Alikusudia mwili usioumwa na roho isiyo na wasiwasi. Mlo wake wa kawaida ulikuwa mkate na maji, na aliwahi kumwomba rafiki amtumie jibini kidogo ili siku akitaka kujifanyia karamu aweze. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi ambaye hata hakuwa wa kundi lake, anasema mgeni wa bustani ile alikaribishwa kwa uji wa shayiri na maji ya kutosha.

Sifa mbaya aliipata wapi basi? Mwanafunzi mmoja aliyemwacha, Timocrates, alieneza kwamba mwalimu hutapika mara mbili kwa siku kwa kushiba kupita kiasi. Mstoiko mmoja, Diotimus, akatunga barua 50 za kifuska na kuzitangaza kama za Epicurus. Ongeza kwamba bustani ilipokea wanawake na watumwa wakae na kujifunza pamoja na wanaume, jambo lililotosha kuwapa watu wa mji maneno ya kusema. Inaniuma kwamba uzushi huo unaishi hadi leo kwenye kurasa za magazeti.

Mnayemtafuta ni Aristippus wa Kirene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, ule ule wa Simoni aliyebebeshwa msalaba. Alisoma kwa Socrates, mwanafalsafa wa Athens, akapenda manukato na meza nzuri, na alipolaumiwa kwa kuwa na Lais, kahaba maarufu wa wakati ule, alijibu kwamba yeye ndiye aliye na Lais, si Lais aliye naye. Shule iliyotokana naye ilifundisha kwamba raha ya mwili, ya sasa hivi, ndiyo inayohesabika. Sasa ufuateni ukoo huo hadi kwa Hegesias, mwalimu wa baadaye wa shule hiyo. Huyu alikichukua kipimo hicho hicho akapiga hesabu kwa uaminifu: mwili hupata mateso mengi kuliko starehe, basi maisha yenye furaha hayawezekani. Cicero, mwandishi wa Kirumi, anaeleza kwamba mfalme Ptolemy wa Misri alimkataza kufundisha kwa sababu baadhi ya waliomsikiliza walijiua. Kwangu ushahidi huu ni mzito kuliko mahubiri yoyote dhidi ya anasa, maana umetoka ndani ya nyumba yenyewe.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu sana. Katika maandishi ya Plato, mwanafunzi wa Socrates, Socrates huyo anamfananisha mtu wa tamaa na mitungi inayovuja, isiyojaa hata ikimiminiwa usiku na mchana. Callicles, mpinzani wake katika mjadala huo, anamjibu kwamba mtungi uliojaa hauna raha tena, na aliyeridhika kabisa anaishi kama jiwe. Watu wa shule ya Aristippus nao walimkejeli Epicurus hivyo hivyo: hali ya kutoumwa, walisema, ni hali ya mtu aliyelala usingizi. Mimi ni muuguzi, na hapo nasimama na Epicurus bila kusita. Mgonjwa ambaye maumivu yamemwachia hafanani na jiwe hata kidogo. Anaanza kuuliza habari za watoto, anataka dirisha lifunguliwe, chai isiyo na kitu anainywa kwa furaha ambayo mwenye afya haijui. Kutoumwa ni raha yenye uhai ndani yake, nasi tunaipita kila siku bila kuitazama kwa sababu haipigi kelele. Epicurus aliijua kwa gharama. Akifa kwa ugonjwa wa mawe ya figo, alimwandikia rafiki yake Idomeneus kwamba maumivu yamefika kileleni, lakini anayapambanisha na furaha ya kukumbuka mazungumzo yao.

Siwezi kumfuata kila mahali. Alisema kujamiiana hakujawahi kumfaidi mtu, na ashukuru asipodhurika. Maneno hayo ni makavu mno kwa yeyote aliyewahi kupendwa. Tena aliwashauri wafuasi wake wajiweke mbali na siasa, na hili ndilo linalonisumbua zaidi. Demetrius, jemadari wa Kimakedonia, alipouzingira mji wa Athens, mwanzoni mwa karne ya 3 KK, njaa ilikuwa kali kiasi kwamba, kwa simulizi ya mwandishi wa Kigiriki Plutarch, baba na mwanawe walipigania panya mfu aliyeanguka kutoka darini. Epicurus aliwaokoa wenzake kwa kuwagawia maharage kwa kuhesabu punje. Ninalipenda tendo hilo. Lakini njaa ile ililetwa na vita, na kupunguza tamaa hakungemsaidia yule baba hata kidogo. Mtu akishakubali kwamba kutokuwa na njaa ndiyo raha ya kwanza, itambidi aulize pia mkate wa jirani unazuiwa na nani, na swali hilo halijibiki mtu akiwa amejifungia bustanini.