Una gari ya spoti ya zamani ya Kiingereza nyumbani? Kabureta iache kwanza

Kila nikikaa na mtu aliyenunua MGB, Midget au Triumph Spitfire kwa mara ya kwanza, maongezi lazima yaishie kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Gari inamisi, kabureta. Inakunywa wese, kabureta. Asubuhi inasumbua kustati, kabureta tena. Na mwenyewe kashashika bisibisi mkononi kageuza skrubu zote, sasa hata hajui zilikuwa wapi, na gari imekuwa mbaya kuliko ilivyokuja.

Mimi natunza MGB, yenye injini ya 1798 cc na kabureta mbili za aina ya SU, naihudumia mwenyewe nyumbani, na kama nina kitu kimoja cha kukuambia ni kwamba kabureta inaguswa mwisho. Unaanza na tapeti (mwanya wa valvu), halafu plagi, halafu pointi, halafu taiming (wakati plagi inapopiga cheche), ndo uje kwenye kabureta, na mara nyingi ukifika hapo unakuta gari imeshatulia haina shida tena. Ukiruka hata hatua moja unakuwa unaficha ugonjwa, maana unaiongezea petroli injini ambayo tatizo lake ni moto wa plagi.

Tuongelee pointi basi, ile swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme ili plagi ipate cheche, maana hapa ndo penye mambo. Distribyuta za 25D za Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme vya gari, zilizofungwa kwenye nyingi ya gari hizi zinataka mwanya wa 0.35 mpaka 0.40 mm, unapima kwa fila geji (vile vibati vya kupimia mwanya) pale pointi zinapokuwa zimefunguka kabisa kwenye ncha ya kemu, ule mhimili wenye kona unaozifungua. Kile kisigino cha plastiki kinachosugua kemu kinalika taratibu, kikilika mwanya unapungua, na mwanya ukipungua taiming nayo inarudi nyuma, kwahiyo gari inakosa nguvu kidogo kidogo bila wewe kushtuka mpaka siku unapanda mlima unashangaa mbona imechoka hivi. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu, kiasi cha kichwa cha kiberiti, ukizidisha inaruka kwenye pointi na hapo umejitengenezea shida nyingine. Na ukibadilisha rota na kondensa usitupe za zamani kama zilikuwa zinafanya kazi, ziweke kwenye buti, kwasababu spea mpya za siku hizi nyingine hazina kiwango kabisa, unaweza kufunga kondensa mpya kabisa ikakufia kabla ile ya zamani haijapoa.

Kuna wanaofunga mfumo wa elektroniki ndani ya distribyuta wakasahau mambo ya pointi, sawa, sina ugomvi nao. Mimi nimebaki na pointi kwasababu zikianza kuchoka zinakupa dalili, na barabarani unazirekebisha kwa bisibisi na kipande cha msasa.

Sasa umeme kwa ujumla. Lucas kataniwa sana, wanamuita mfalme wa giza, na mimi naona anaonewa. Gari ina miaka hamsini na zaidi, waya zimeunganishwa kwa vile viungo vya shaba vyenye umbo la risasi ya bunduki vinavyochomekwa tu, vimeshika kutu ya kijani, halafu taa zikififia unamlaumu aliyetengeneza. Vichomoe kimoja kimoja, visugue, pitisha grisi kidogo, rudisha. Halafu angalia ule waya mnene wa ethi unaotoka kwenye injini au giaboksi kwenda kwenye bodi. Injini imekalia raba, kwahiyo waya huo ukikatika au ukilegea, umeme wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri na njia unayoipata ni kebo ya choki au ya mafuta. Kwahiyo ukipiga stata ukaona kebo ya choki inapata moto au inatoa moshi, usianze kununua stata mpya, shida iko kwenye ethi.

Na hapohapo jua gari yako ethi yake ni chanya au hasi. MGB za mwanzo, kabla ya mabadiliko ya mwishoni mwa 1967, zilikuwa na dainamo na ethi chanya, zilizofuata zikapewa altaneta na ethi hasi. Ila nyingi zimeshageuzwa na wenyewe huko katikati, kwahiyo usiamini mwaka wa gari, fuata waya wa betri kwa macho uone upande upi umefungwa kwenye bodi. Redio ya kisasa au altaneta ukiigeuzia umeme, imekwenda hiyo.

Haya, tuje kwenye hiyo kabureta mnayoipenda. SU ni kitu rahisi sana. Kuna pistoni inapanda na kushuka kulingana na hewa injini inavyovuta, na chini yake kuna sindano iliyochongoka inayopita ndani ya jeti, pistoni ikipanda sindano inaacha nafasi kubwa zaidi petroli ipite. Basi. Hakuna cha kuharibika usiku mmoja. Zima injini, toa filta ya hewa, inua pistoni kwa kidole uiachie, inatakiwa ishuke yenyewe mpaka chini na usikie "tak" safi. Ikikwama au ikishuka kwa kusitasita, ndani kuna uchafu au sindano haijakaa katikati. Halafu fungua kile kifuniko cha juu kabisa, utaona kifimbo chembamba, humo kunakaa oili nyepesi, na watu wanasahau kuiongeza. Ikiisha, gari ukikanyaga mafuta ghafla inajikwaa kwanza ndo inakimbia. Na kama kabureta imezeeka kweli, mahali pa kuangalia ni mhimili wa kipepeo, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta, ukiutikisa ukacheza ujue inavuta hewa ya wizi na hakuna skrubu ya kuiponya hiyo.

Ila kinachoua gari hizi kuliko vyote ni kukaa. Oili ya breki inavuta unyevu kutoka hewani, gari ikisimama miezi, silinda za magurudumu zinashika kutu, ya klachi inaanza kuvuja, pampu ya petroli ya SU inakataa kugonga, petroli inachacha. Badilisha oili ya breki walau kila miaka miwili hata kama hujaendesha sana. Na ukiendesha, endesha kweli, maana kuwasha dakika chache hapo nyumbani ukazima ni kuiumiza tu, maji yanapata moto haraka lakini oili inachelewa sana, na oili isipopata moto vizuri unyevu unabaki humohumo ndani.

Mipira ya petroli nayo usiicheke. Petroli ya siku hizi sehemu nyingi ina ethanoli, na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yake, inalainika au inapasuka, na inapita juu ya eksozi ya moto. Badilisha yote kwa mpira wa daraja la R9 unaovumilia ethanoli, ufanye kazi mara moja tu. Ukisikia harufu ya petroli usipige stata, fungua boneti kwanza. Kizima moto kiwe mahali mkono unafika.

Mwenye Triumph, Spitfire au GT6, hili ni lako: kule mbele chini kuna trunioni, kiungo chenye nyuzi ambacho gurudumu linageukia ukikata kona, inataka oili ya giaboksi ya EP90, sio grisi. Nyuzi zake zikikauka au zikiingia maji chuma kinakatika, na kikikatika gurudumu linalala chini ukiwa barabarani. Mafundi wengi wakiona nipo (kile kitundu cha kupigia grisi) wanapiga grisi, ndugu yangu simama hapo hapo umwambie. MGB yenyewe kwenye sehemu hiyo ina kingpini, yaani pini ambayo gurudumu linageukia, na inapenda grisi, ila inua gari kwanza gurudumu liwe hewani ndo grisi ifike inapotakiwa. Na ukiinua, weka stendi, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hapo sibishani na mtu.

Ukiinua angalia na mlango. MGB na Midget hazina chesisi ya kujitegemea, zile sili za chini ya milango ndo uti wa mgongo. Piga jeki upande mmoja halafu jaribu kufungua na kufunga mlango, ukibana au mwanya ukijifinya ujue sili zimeliwa kutu ndani hata kama rangi inang'aa. Spitfire na Triumph TR6 zina chesisi yake, unafuu upo kidogo, lakini nayo inaoza.

Spana: nati ni za inchi. Ya milimita 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, inaonekana imekaa, kumbe ina uwazi na inaviringisha kona zote. Nunua seti ya AF, yaani spana za inchi, mapema.

Kuendesha sasa. Gia ya kwanza kwenye MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 haina sinkro, kile kinacholainisha gia kuingia gari ikiwa inatembea, kwahiyo subiri gari isimame, au jifunze kukanyaga klachi mara mbili. Choki irudishe mapema kadiri injini inavyokubali, petroli ikizidi inaosha oili kwenye kuta za silinda. Breki hazina ABS na nyingi hazina hata sevo ya kusaidia mguu, unakanyaga kwa mguu mzima, kwahiyo acha nafasi mbele yako, na mwenye gari ya kisasa akijipenyeza hapo rudi nyuma tena. Oili presha MGB ikiwa imepata moto inatakiwa iwe kati ya 50 na 80 psi ukiwa unakimbia, ikishuka mpaka 10 hadi 25 kwenye sailensi, injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, usishtuke, ndivyo ilivyo. Kama una ovadraivu, ile gia ya ziada ya mwendo kasi, hakikisha umeitoa kabla ya kupiga rivasi.

Kwenye buti mimi nabeba rota, kondensa, seti ya pointi, fani belt, fila geji, kipande cha waya, tochi na maji. Kama una rimu za spoki ongeza nyundo ya shaba, na kabla ya kuipiga ile nati ya katikati soma mshale uliochorwa juu yake, kwasababu upande wa kulia na wa kushoto hazifunguki kwa kuzungusha upande mmoja.