Wali wa mtoto unafika shuleni umepoa

Dada, kama wali unaomfungia mtoto huko Uingereza unafika saa sita umepoa na umeshikana, mara nyingi themosi haina kosa. Ijaze maji yanayochemka, ifunge dakika 10, mwaga, ndipo upakue. Wali wa jana uingie friji ndani ya saa moja baada ya kuiva. Asubuhi unyunyizie vijiko 2 vya maji, uupashe mpaka utoe mvuke hadi katikati. Jaza hadi shingoni, nafasi tupu ndiyo inayopoza. Mchuzi uwe mzito, la sivyo wali utaunywa wote uwe bonge. Wa karanga usithubutu: shule nyingi huko zimezikataza kwa sababu ya mzio. Kifuniko usikikaze mno, mwanao atashindwa kukifungua.