Barua kwa mwanangu: mjukuu wangu na ndege ya mezani

Mwanangu,

Marahaba. Swali lako nimelipata: kama simuleta, programu ya kompyuta ya kuigiza urubani ninayorusha hapa nyumbani, inafanana na ndege ya kweli kiasi cha kumfaa binti yako, maana ameshatangaza kwamba atakuwa rubani, na mwenzako kazini amekutisha kwamba michezo hiyo humharibu mwanafunzi kabla hajaikaribia ndege. Jibu fupi: mnunulie. Jibu refu lina masharti, ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kukupigia simu.

Huyo mwenzako akiiita mchezo, kihistoria hajakosea sana. Mwaka 1929 Mmarekani mmoja, Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alitengeneza kisanduku chenye mabawa mafupi kilichoinama na kugeuka kwa nguvu za mivukuto, ile ile iliyopuliza hewa kwenye vinanda. Wenye shule za urubani hawakukichangamkia, kikaishia kwenye viwanja vya burudani, watu wanalipa kupandishwa. Kisha mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wake wakaanza kufa ndani ya mawingu kwa sababu hawakuzoea kuruka kwa kutegemea vipimo peke yake. Hapo ndipo jeshi lilipokumbuka kile kisanduku cha burudani na kukinunua.

Mimi kwa miaka yote ya kazi ya urubani nilikuwa naingia kwenye simuleta kila baada ya miezi sita kupimwa. Zile ni mashine nyingine kabisa. Chumba kizima cha marubani, kila swichi mahali pake, kimebebwa na miguu sita inayorefuka na kufupika. Ukiongeza nguvu za kupaa, chumba hakiendi popote. Kinainuliwa pua taratibu, na uzito wako mwenyewe unaokulalia mgongoni ndio unaoudanganya mwili kwamba ndege inakimbia. Hila hiyo imekamilika kiasi kwamba rubani mzoefu anayehamia aina nyingine ya ndege anaweza kumaliza mafunzo yake ya kurusha humo humo, na siku ya kwanza anayoishika ndege yenyewe akawa na abiria nyuma. Kwa hiyo kama simuleta inafundisha au haifundishi, hilo lilishajibiwa zamani. La kuuliza ni nini kinabaki ukiondoa miguu sita, ukaondoa na chumba, ukabakiwa na skrini na usukani wa plastiki uliobanwa mezani.

Mikono haibaki. Katika Boeing 737, mwendo ukipungua pua inakuwa nzito mkononi. Unavuta usukani kuishikilia, kisha kwa kidole gumba unabonyeza swichi ya trimu, mtambo wa kuuondolea mkono uzito huo. Gurudumu la trimu, lile lenye mstari mweupe kando ya goti lako, linazunguka kwa kelele, na ule uzito unakwisha mkononi kidogo kidogo mpaka unaweza kuachia na ndege ikabaki kama ilivyo. Usukani wa mezani una springi inayourudisha katikati, basi. Haijui mwendo wala upepo. Ukibonyeza trimu mkono hausikii chochote. Inabidi wewe ndiye uurudishe usukani katikati polepole huku unaitazama pua kwenye skrini isije ikapanda. Mwanzoni nilikuwa naifukuza pua juu na chini kama mtu anayefukuza kuku. Wanaorusha Airbus hawana taabu hiyo. Kijiti chao cha pembeni hata kwenye ndege halisi kinarudishwa na springi tu, hakileti habari yoyote mkononi, kwa hiyo wao wakikaa mezani wanajiona wako kazini. (Usiwaambie kwamba nimekiri hivyo.)

Injini ikizimika wakati wa kupaa, kwenye ndege kiti ndicho kinachokuambia kwanza: mwili unasukumwa upande, na mguu unakwenda kwenye pedali kabla hujafikiri. Mezani unaiona pua ikihama, na ukishaiona umeshachelewa.

Kutua ndiko kunakoumbua watu. Ukivuka mwanzo wa njia ya kurukia, sauti ya mashine inahesabu futi zilizobaki: hamsini, arobaini, thelathini, ishirini, kumi. Kwenye ishirini hivi unainua pua kidogo, unaondoa nguvu za injini, na macho unayapeleka mbali, mwisho wa njia. Kinachokuambia unazama kwa kasi gani si kile unachokitazama. Ni kile kinachopita pembeni ya macho: nyasi, taa za ukingoni, ardhi inayopanda kushoto na kulia. Sasa skrini moja haina pembeni. Inaishia pale pale ambapo ingeanza kukufaa. Ndiyo maana rubani mstaafu akijaribu kwa mara ya kwanza huibwaga ndege, kisha akailaumu programu mbele ya wajukuu. Mimi sasa navaa miwani ya uhalisia pepe, na kutua kumerudi karibu na kulivyokuwa, ila miwani yenyewe inachosha shingo, na nikiivaa sioni karatasi zangu.

Kichwa, hata hivyo, kinabaki chote. Na kazi ile, mwanangu, ilikuwa ya kichwa.

Watu wanadhani rubani analipwa kwa kushika usukani, wakati sehemu kubwa ya safari usukani haushikwi. Tunalipwa kujua ndege itakuwa wapi dakika kumi zijazo. Uko futi 36,000 na uwanja uko mbele. Uanze kushuka lini? Chukua maelfu ya futi, zidisha kwa tatu: 36 mara 3 ni 108. Basi maili 108 za baharini kabla ya uwanja, ongeza kama kumi za kupunguza mwendo, ongeza tena ikiwa upepo unakusukuma kwa nyuma. Ukishaingia kwenye mteremko wa mwisho wa nyuzi 3, gawa mwendo wako juu ya ardhi kwa mbili, weka sifuri mwishoni: ukienda maili 140 za baharini kwa saa, ushuke futi 700 kwa dakika. Hesabu hizi ni zile zile mezani na angani, na ukizipuuza malipo yake ni yale yale: unafika uko juu mno na una mwendo mkubwa mno, huku njia inakujia.

Halafu kuna hali ya hewa. Programu za mezani kama Microsoft Flight Simulator iliyotoka mwaka 2020, na hata X-Plane, zinaivuta kwenye intaneti ilivyo wakati huo huo. Jioni moja hivi karibuni ukungu ulinifungia uwanja niliokuwa naelekea, ukungu ule ule uliokuwa ukiwasumbua marubani walio kazini saa hiyo. Nikaanza kuzunguka kusubiri. Kila mzunguko unakula mafuta, na kuna kiwango ambacho ukikifikia hakuna mjadala tena, unaondoka kwenda uwanja wa akiba. Kiwango hicho nilikuwa nimekiandika kabla ya kupaa, kama nilivyofanya siku zote, kwa sababu mtu aliyechoka na anayetaka kufika hushawishika kukipunguza. Mafuta yalipofika pale nikaondoka. Baada ya muda mfupi ukungu ukainuka, waliovumilia wakatua. Sikujuta hata kidogo, nikaenda zangu. Hofu haikuwapo, na mtu asikudanganye kwamba inakuwapo, maana nyuma yangu hapakuwa na roho ya mtu. Lakini maamuzi yalifuatana vile vile, moja likizaa jingine, na nilipozima kompyuta nilikuwa nimechoka uchovu ninaoufahamu.

Uliwahi kuniuliza kama ninachokikosa ni ule mtikisiko na ile nguvu ya kupaa. Hapana. Namkosa mtu wa kiti cha kulia. Kwenye ndege ya abiria mmoja anarusha, mwenzake anafuatilia na kusema kwa sauti anachokiona: inapanda, mwendo unapungua, futi elfu moja. Nimefanya kazi na marubani wasaidizi ambao kwa neno moja tu, tena la heshima, walinifanya niangalie upya jambo nililokwisha kuliamua. Mezani naisoma orodha ya ukaguzi na kujijibu mwenyewe, na mtu anayejijibu mwenyewe hujikubalia upesi. Kwa hiyo jioni nyingine najiunga na VATSIM, mtandao wa watu wanaojitolea kuwa waongoza ndege, uliopo tangu mwaka 2001 na usiotoza kitu. Unafungua redio, mtu anakupa kibali, unakirudia chote, ukiruka tarakimu anakusimamisha. Wengine ni vijana wadogo kabisa. Kuna mmoja huwa ananiongoza kwa ukali unaostahili mnara wa uwanja mkubwa, na nina shaka kama ameruhusiwa kuwa macho saa ile. Redio ndiyo inayowatoa jasho wanafunzi wengi kuliko hata kutua, na huko mjukuu wangu ataizoea kabla mwalimu hajaanza kumtoza kwa saa.

Starehe nayo imo, sitaificha. Uwanja wa Kai Tak wa Hong Kong ulifungwa mwaka 1998, na wakubwa wangu kazini waliusimulia kama watu wanavyosimulia vita: unakilenga kilima kilichopakwa miraba, kisha ukiwa chini kabisa juu ya majumba ya watu unakata kulia kwa macho, na njia inatokea mbele yako. Sasa natua hapo mezani nikitaka. Sasa ninaelewa kwa nini walikuwa wakishusha sauti wakifika kwenye kona ile.

Turudi kwa mwenzako wa kazini, maana ana hoja. Walimu wa urubani wanalalamika kwamba mwanafunzi aliyetoka mezani amezoea kukodolea vipimo. Anaifukuza mishale, wakati ndege ndogo hurushwa kwa kutazama nje, upeo wa macho uko wapi na pua iko wapi. Tabia hiyo ni ngumu kuitoa. Mbaya kuliko hiyo ni kitufe cha kusimamisha wakati. Mtoto akizidiwa anakibonyeza, anakunywa maji, anafikiri, anaendelea. Angani ukizidiwa ndege inaendelea na safari yake hivyo hivyo. Tena usimwahidi kwamba saa za mezani zitaingia kwenye daftari lake la urubani. Vinavyohesabika ni vifaa vilivyothibitishwa na mamlaka za usafiri wa anga, si kompyuta ya chumbani.

Basi masharti yangu ni haya. Aanze na Cessna 172, injini moja, asikimbilie ndege ya abiria mia tatu. Mwezi wa kwanza vipimo vifunikwe kwa karatasi, abaki na kipimo cha mwendo na cha kimo, aruke kwa kutazama nje. Kitufe cha kusimamisha ukifute kwenye mipangilio, usimwachie yeye kazi ya kujizuia. Kabla ya kila safari aandike mafuta anayobeba, uwanja wa akiba, na kiwango cha mafuta cha kuondokea, na karatasi hiyo nitumiwe mimi. Sitamsahihisha kila kitu. Nitamuuliza swali moja tu, "Na hapo pakifungwa?"

Kuhusu vifaa, usukani wa kawaida au joistiki inatosha. Fedha itakayobaki iende kwenye pedali za miguu kabla hujafikiria skrini kubwa. Joistiki nyingi hugeuza usukani wa mkia, ambao kwenye ndege ni kazi ya miguu, kwa kuzungusha kiganja, na mguu uliozoeshwa kulala ni kazi kuuamsha. Pedali ziwe nzito au zifungwe sakafuni, la sivyo zitamkimbia kila akikanyaga. Na kabla ya kununua, pima unene wa meza yake. Usukani unabanwa ukingoni kwa skrubu, na kama meza ni ya kioo, nunua meza nyingine kwanza.

Mama yako